Kudaka Mpira wa Juu: Kazi ya Jicho na Mguu

Miongoni mwa mambo ambayo mwili wa binadamu huyatenda kwa wepesi huku mwenyewe akishindwa kuyaeleza ni kuudaka mpira ulioko angani. Mpira hupigwa kutoka mbali, ukapaa mpaka ukaonekana mdogo kama punje ya mtama. Mchezaji aliye umbali wa meta 80 au 90 huanza kukimbia kabla mpira haujafika kileleni, na baada ya sekunde nne au tano mkono wake na mpira hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Akiulizwa alijuaje mahali pa kwenda, aghalabu hujibu kwamba aliutazama mpira tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshelezi. Je, katika huko kutazama, jicho huona nini, na mguu huambiwa nini?

Swali hili si la wanafizikia peke yao. Katika shule nyingi mwanafunzi anayeukosa mpira mara mbili tatu huambiwa kwamba hana jicho la mchezo, akawekwa kando. Iwapo kudaka ni kipawa cha kuzaliwa nacho, hukumu hiyo ni ya haki. Lakini iwapo ni ustadi wenye kanuni inayoweza kufahamika, basi mwanafunzi huyo anaweza kujifunza, hata kama hana mwalimu wala mwenzake wa kumpigia mipira. Makala haya yanaichunguza kanuni hiyo, na namna mtu anavyoweza kuifanyia mazoezi akiwa peke yake.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo unaolionyesha jambo hili kwa uwazi ni besiboli, unaopendwa sana Marekani, Japani na Kuba. Katika Afrika ya Mashariki nako si mgeni kabisa. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania.

Mpira wa besiboli una masi ya gramu 142 hadi 149, na mzingo wake ni kiasi cha sentimeta 23. Mrushaji humrushia mpigaji, naye huupiga kwa gongo la mbao. Mpira ukipaa juu na kudakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Kazi ya kuidaka mipira inayokwenda mbali ni ya wachezaji watatu wanaolinda uwanja wa nje, ambao mpaka wake huwa meta 100 hadi 120 hivi kutoka kwa mpigaji. Kila mmoja wao hulinda eneo pana, na kwa hiyo ni nadra mpira kumfuata mahali alipo. Yeye ndiye anayepaswa kuufuata.

JE, UBONGO HUPIGA HESABU?

Mwanafunzi wa fizikia husoma mwendo wa kitu kilichorushwa. Anajua kwamba, hewa ikiachwa kando, njia ya kitu hicho ni parabola, na kwamba akipewa velositi ya mwanzo na pembe ya mrusho anaweza kukokotoa mahali kitakapoanguka. Hivyo basi ni rahisi kudhani kwamba ubongo wa mdakaji nao hufanya hesabu ya namna hiyo kwa siri na kwa haraka, kisha huiamrisha miguu iende mahali palipokokotolewa.

Dhana hiyo ina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba hewa haiwezi kuachwa kando. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa meta 45 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 45, ungeanguka zaidi ya meta 200 mbali kama pasingekuwa na hewa. Katika uwanja halisi huanguka kiasi cha meta 120 tu kutoka kwa mpigaji. Tena mpira huzunguka wakati unapokwenda, na mzunguko huo huupinda huku na huku. Hesabu ya kitabuni ingempeleka mdakaji nje ya uwanja.

Tatizo la pili ni la jicho lenyewe. Mtu ana macho mawili yaliyotengana kwa sentimeta sita au saba tu. Kwa kitu kilicho umbali wa meta 80, tofauti kati ya kinachoonwa na jicho la kulia na la kushoto ni ndogo mno, na haiwezi kumsaidia sana kuujua umbali wake. Mdakaji hapati vipimo ambavyo hesabu hiyo inavihitaji.

KANUNI YA CHAPMAN

Mwaka 1968 mwanafizikia wa Marekani, Seville Chapman, alitoa maelezo mepesi kuliko hayo. Alionyesha kwamba mdakaji hahitaji kujua umbali wa mpira, wala mwendo wake, wala mahali utakapoanguka. Linalohitajika ni kuiangalia pembe ya mwinuko, yaani pembe iliyopo kati ya ardhi na mstari unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye mpira, na kuangalia jinsi tanjenti ya pembe hiyo inavyoongezeka.

Uchukuliwe mfano. Mpira unapigwa na kumwelekea mdakaji moja kwa moja. Velositi yake ya kwenda juu ni meta 20 kwa sekunde, na ya kwenda mbele ni meta 20 kwa sekunde pia. Mchapuko wa graviti uchukuliwe kuwa 10, na urefu wa mdakaji uachwe. Mpira utakaa angani sekunde 4 na kuanguka meta 80 kutoka kwa mpigaji. Baada ya sekunde 1 utakuwa juu meta 15. Baada ya sekunde 2, meta 20. Baada ya sekunde 3, meta 15 tena. Sasa wawekwe watazamaji watatu waliosimama tuli, na tanjenti ya kila mmoja ikokotolewe mwishoni mwa sekunde ya 1, ya 2 na ya 3:

Aliye meta 80, mpira unapoanguka: 0.25, 0.50, 0.75.
Aliye meta 70, mbele ya mahali hapo: 0.30, 0.67, 1.50.
Aliye meta 100, nyuma ya mahali hapo: 0.19, 0.33, 0.38.

Mtazamaji wa kwanza, aliyesimama mahali panapofaa, anauona mpira ukipanda kwa kiasi kilekile kila sekunde. Wa pili anauona ukipanda kwa haraka inayozidi kuongezeka. Hiyo ndiyo dalili kwamba utampita juu ya kichwa. Wa tatu anauona ukipanda kwa haraka inayopungua. Utaanguka mbele yake.

Jambo la ajabu zaidi hudhihirika pale mtazamaji anapokimbia. Yule wa meta 100 aanze kukimbia kwenda mbele mara mpira unapopigwa, kwa mwendo wa meta 5 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 atakuwa meta 75 kutoka chini ya mpira, baada ya sekunde 2 meta 50, na baada ya sekunde 3 meta 25. Tanjenti zake zitakuwa 0.20, 0.40, 0.60. Mpira unapanda machoni pake kwa kiasi kilekile kila sekunde, na katika sekunde ya 4 atakuwa amefika meta 80, mahali penyewe, pamoja na mpira.

Kwa maneno mengine, mdakaji anaweza kuugeuza utaratibu wote. Badala ya kujua mahali kwanza na kukimbia baadaye, hukimbia kwa namna ambayo mpira unaendelea kupanda machoni pake kwa utulivu uleule. Ukionekana kuharakisha, hurudi nyuma. Ukionekana kuzorota, hukimbilia mbele. Akiudumisha utulivu huo mpaka mwisho, mpira utamfikia mkononi. Kanuni hii hufaa hata pale ambapo hewa imeiharibu parabola, kwa kuwa mdakaji huendelea kujisahihisha njiani.

USHAHIDI KUTOKA UWANJANI

Kanuni nzuri ubaoni si lazima iwe ndiyo inayotumiwa na watu. Mwaka 1993 Peter McLeod na Zoltan Dienes wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za filamu wadakaji wenye ustadi walipokuwa wakikimbilia mipira. Walikuta kwamba wadakaji hao walibadilisha mwendo wao kwa namna iliyoifanya tanjenti iongezeke kwa kiasi kilekile. Tena hawakukimbia upesi mpaka mahali pa kuangukia na kusimama kuungoja mpira. Walifika pamoja na mpira, mara nyingi wakiwa bado wanakimbia. Mtu anayejua mapema mahali pa kwenda asingekimbia hivyo.

Mwaka 1996 Raôul Oudejans na wenzake huko Uholanzi walichunguza jambo lililo karibu na hilo. Watu waliombwa waseme kama wangeweza kuufikia mpira fulani uliorushwa. Wale waliotakiwa kusimama tuli walikosea zaidi kuliko wale walioruhusiwa kuanza kukimbia. Maana yake ni kwamba mwendo wa mtazamaji ni sehemu ya kuona kwenyewe.

Kwa mipira inayokwenda kando, ubishi umekuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1995 Michael McBeath, Dennis Shaffer na Mary Kaiser walipendekeza kwamba mdakaji hukimbia kwa njia ya kupinda, ili mpira uonekane ukifuata mstari ulionyoka mbele ya macho yake. Mwaka 2009 Philip Fink, Patrick Foo na William Warren waliwapa wadakaji mipira ya kuigizwa na kompyuta, ambayo njia yake iliweza kubadilishwa ghafla ikiwa hewani. Matokeo yao yaliunga mkono kanuni ya Chapman. Ingawa wataalamu hawa wametofautiana, wote wanakubaliana katika jambo moja kubwa: mdakaji huongozwa na anachokiona wakati anapokimbia.

UPUNGUFU WA KUJIRUSHIA

Katika timu za besiboli mwalimu husimama na gongo jepesi na kuwapigia wachezaji mipira ya juu mfululizo. Mwanafunzi asiye na mwalimu kama huyo huanza na zoezi linalomjia kila mtu akilini, nalo ni kuutupa mpira juu wima na kuudaka. Zoezi hili lina faida zake. Huyazoesha macho kuufuata mpira mpaka ndani ya kiganja, na huifundisha mikono kurudi nyuma kidogo wakati wa kupokea ili kani ya mgongano ipungue. Aidha linaweza kuwa somo la fizikia: mpira ukikaa angani sekunde 2 umepanda kiasi cha meta 5, sekunde 3, meta 11, sekunde 4, meta 20. Mwenye saa ya kuhesabia sekunde anaweza kuyapima maendeleo yake mwenyewe.

Lakini kwa yule anayetaka kujifunza kuufuata mpira, zoezi hili lina kasoro mbili. Kwanza, mkono uliourusha unajua umeurusha vipi. Mtoto anayecheza mdako hutupa kete juu, akainamisha macho kukusanya vijiwe, kisha akaidaka kete ileile bila kuitazama muda wote. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mkono wake umekwisha kumwambia kete itarudi lini na wapi. Mlinzi wa uwanja wa nje hapewi taarifa hiyo. Pili, mpira uliotupwa wima hauhitaji mbio. Na mpira ambao mtu ameurusha mbele na kuukimbilia humwacha nyuma yake. Katika hali hiyo pembe ya mwinuko huanza ikiwa kubwa na kupungua, kinyume kabisa na anachokiona mdakaji anayefuatwa na mpira. Mtu anaweza kufanya zoezi hilo mara elfu na asijifunze kanuni inayohitajika.

Kwa hiyo zoezi la peke yake litafaa iwapo litatimiza masharti matatu: mpira umjie mtu kutoka mbele, njia yake isijulikane barabara kabla, na kuudaka kuhitaji kukimbia.

UKUTA BADALA YA MWALIMU

Kitu rahisi kinachoweza kuyatimiza masharti hayo ni ukuta mrefu usio na madirisha, pamoja na mpira wa tenisi. Kwa sheria za tenisi, mpira huo ukiachiwa kutoka sentimeta 254 juu ya sakafu ngumu lazima udunde kufikia sentimeta 135 hadi 147. Hii ina maana kwamba baada ya kugonga hubakiwa na robo tatu hivi ya mwendo wake. Tena masi yake haifiki gramu 60, kwa hiyo makosa ya mwanzo hayaleti majeraha. Mpira halisi wa besiboli, wenye masi zaidi ya mara mbili, unaofika kwa mwendo wa meta 20 kwa sekunde, unaweza kumuumiza vibaya asiyeuzoea.

Mwanafunzi asimame meta 8 au 10 kutoka ukutani na kuurusha mpira kwa nguvu kwenda juu, ili uupige ukuta ungali unapanda. Ukuta huugeuza mwendo wa mbele kuwa wa kurudi, lakini mpira huendelea kupaa kwa muda kabla ya kushuka. Kwa jicho la mrushaji, mpira sasa unatoka mbele na kumjia kwa mviringo, kama ule uliopigwa na gongo. Ukuta wenye mawe yasiyo sawa ni bora kuliko ulionyoka, kwa sababu huupeleka mpira upande usiotazamiwa. Asiye na ukuta mrefu anaweza kuupigiza mpira kwenye sakafu ya saruji, ukadunda juu na kwenda kando. Zoezi hilo halifanani na mchezo kwa kiwango kilekile, lakini huilazimisha miguu kufanya kazi.

Mambo manne yazingatiwe. La kwanza, mtu aanze kusogea mara mpira unapoachana na ukuta, asisimame kukisia. La pili, mpira ukionekana kuharakisha kupanda, asirudi kinyumenyume. Ageuze nyonga, apige hatua ya kwanza nyuma kwa mshazari, na kukimbia huku akitazama juu ya bega. Hatua hii yaweza kufanyiwa mazoezi hata bila mpira. La tatu, akimbie kwa wepesi, akitua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, maana kichwa kinachorukaruka huuchezesha mpira machoni na kuificha dalili anayoitafuta. La nne, asiinyoshe mikono mapema, kwa kuwa mikono iliyonyoshwa huupunguza mwendo wa mbio. Mikono ipande mwishoni, yote miwili, mbele ya uso.

Inafaa pia kuchanganya mirusho: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja wa kulia, mwingine wa kushoto, bila mpango unaorudiwa. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio ambalo watu walijifunza mienendo mitatu ya mkono. Waliojifunza mwenendo mmoja mpaka ukaisha, kisha wa pili, kisha wa tatu, walionekana hodari zaidi wakati wa mazoezi. Lakini walipopimwa tena baadaye, waliojifunza kwa kuchanganya ndio waliokuwa wamehifadhi zaidi. Mwanafunzi anayekosakosa katika mazoezi yaliyochanganywa asivunjike moyo, kwa maana huenda anajifunza zaidi kuliko anavyoonekana.

MIPAKA YA KANUNI

Isidhaniwe kwamba kanuni ya Chapman inaeleza kila kitu. Tarehe 29 Septemba 1954, katika uwanja wa Polo Grounds mjini New York, Willie Mays wa timu ya Giants aliudaka mpira wa Vic Wertz uliokwenda zaidi ya meta 120, naye kwa sehemu kubwa ya mbio zake alikuwa ameupa mpira mgongo. Mtu asiyeutazama mpira hawezi kuongozwa na pembe yake. Ni dhahiri kwamba mchezaji aliyekwisha kuona maelfu ya mipira hujifunza pia kusoma mwanzo wa safari yake: namna gongo lilivyozungushwa, sauti ya mgongano, na mwelekeo wa awali.

Hayo ukuta hauwezi kuyafundisha. Wala hauwezi kumfundisha mtu kupaza sauti ili mwenzake ajue nani anaudaka mpira, jambo linalozuia wachezaji wawili kugongana wakiwa wote wanatazama juu. Mazoezi ya peke yake humtayarisha mchezaji kuingia timuni, lakini sehemu iliyobaki lazima aipate kwa wenzake.

KAZI KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kulitumia jambo hili darasani bila gharama. Njia ya mpira uliotajwa hapo juu ichorwe kwenye karatasi ya grafu kwa kipimo, na wanafunzi wapime tanjenti kwa watazamaji wa sehemu mbalimbali. Kisha waombwe wathibitishe kwa aljebra kwamba kwa aliye mahali pa kuangukia, tanjenti baada ya muda t ni gt/2u, ambapo u ni velositi ya kwenda mbele. Baada ya hapo watoke nje, warushiane mpira wa tenisi, na kila mmoja aeleze alichokiona kabla ya kukimbilia mbele au nyuma.

Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Walijua kuwa ustadi hupatikana kwa kuwa karibu na kazi na kuirudia, hata kwa kuanzia kwenye mivuo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hana jicho la mchezo, apewe mpira wa tenisi, ukuta, na nusu saa kwa siku. Baada ya miezi miwili apimwe tena kwa mipira kumi, na idadi ya aliyoidaka ilinganishwe na ile ya siku ya kwanza.